Wekundu wa Kitabu cha Nne

Mutheu, aliyekalia kiti changu katika chumba cha rekodi, ameniomba niandike mambo ya kazi, ayasome yeye na wale wawili walioajiriwa mwaka huu. "Andika vile ulianza, Mwaitu, na vile umeona," aliniambia, maana huniita hivyo, yaani mama. Nadhani alitaka kitu cha kumtia moyo. Basi pole, Mutheu. Nimekaa miaka thelathini na miwili kwenye hospitali yetu ya misheni, hapa upande wa Kangundo, na nimestaafu nikiwa na hasira. Nikingoja ipoe ndipo niandike, mtakuja kunisomea matangani.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino. Mzee Nthenge, karani mkuu wa rekodi wakati huo, aliviangalia viatu, akaangalia ngazi ya kufikia rafu za juu, akacheka peke yake bila kuniambia neno. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa miguu mitupu. Ndipo akanionyesha vitabu. Vilikuwa vitabu vikubwa vya jalada gumu, na kila mgonjwa alikuwa na mstari wake: namba ya kadi, jina, jina la baba, kijiji, mwaka wa kuzaliwa. Mtu akifika dirishani ulitafuta mstari wake, ukamwandikia kikaratasi, akaenda nacho kwa daktari. Kazi yote ilikuwa hiyo, na ilitaka macho na subira.

Kisha akanipa kalamu mbili, moja ya buluu na moja nyekundu.

"Buluu ni ya kila mtu," alisema. "Nyekundu ni ya yule ambaye tukikosea anakufa."

Miaka hiyo sindano ya penisilini ilidungwa kila upande, kwa kidonda, kwa koo, kwa kifua. Wengi iliwaponya. Lakini kuna mtu mmoja mmoja ambaye mwili wake unaikataa dawa hiyo: anavimba uso, koo linaziba, na usipokimbia unampoteza hapo hapo. Huo ndio mzio, ambao watu wa huku wanauita aleji. Mtu wa namna hiyo tulimwandika jina lote kwa wino mwekundu, na kikaratasi chake cha kwenda kwa daktari pia kwa wino mwekundu. Hatukuongeza neno lingine. Wino wenyewe ulikuwa ndio neno, na kila aliyefanya kazi pale alijua, kuanzia daktari hadi mpika chai. Tuliwaita "wekundu".

Mwekundu wangu wa kwanza nilimwandika mwaka wangu wa pili. Mumbua alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, ameletwa kwa ajili ya kidonda mguuni. Alidungwa, na kabla mama yake hajamaliza kumfunga kanga uso ukaumuka, macho yakafungana, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Daktari alimwokoa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, Mzee Nthenge akaniwekea kitabu cha pili mbele yangu. "Mwandike wewe," alisema. Ukiangalia mstari ule hata leo utaona mkono wangu ulivyokuwa unacheza.

Mama yake hakujua kusoma. Alikuja dirishani, akaomba aone. Nikakigeuza kitabu, nikamwonyesha kwa kidole.

"Huu mwekundu ndiye mwanangu?"

"Ndiye."

"Kwa hivyo akikuja siku nyingine, hata kama mimi siko?"

"Hospitali inajua, mama," nikamwambia.

Nilimwambia hivyo mimi, kwa kinywa changu. Wekeni neno hilo akilini, mtalikuta tena mbele.

Mzee Nthenge alistaafu, akaniachia kalamu zake na ngazi yake. Mimi nikafanya alivyofanya, nikajaza kitabu cha tano, cha sita, hadi cha nane. Nitaruka miaka mingi hapo kwa sababu ilikuwa ya kawaida: panya, mvua kuingia kwa paa, na watu kukasirika foleni ikiwa ndefu. Nani anataka kusoma habari za panya?

Kompyuta ikaja. Nikafundishwa jedwali, lile lenye mistari na safu, nikaambiwa niingize vitabu vyote vinane. Ilinichukua miaka miwili, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kila nilipofika kwa mwekundu nilibonyeza kile kindoo kidogo cha rangi, mstari mzima ukawa mwekundu kwenye kioo. Nilijiona mjanja sana. Nilitamani Mzee Nthenge angekuwa hai aone wekundu wake wanavyong'aa. Kumbe nilikuwa nawachimbia kaburi! Safu ya mzio haikuwepo kwenye jedwali lile, nami sikuwaza kuiongeza, maana kwetu mzio ulikuwa rangi tangu zamani.

Halafu, mwaka jana, msimamizi wa hospitali, Bwana Makau, akaleta mtaalamu. Kelvin alikuwa kijana nadhifu kutoka upande wa Konza, ana begi la mgongoni na saa inayomwambia amekunywa maji kiasi gani. Alikuja kutujengea hifadhidata, yaani ghala la rekodi linalokaa ndani ya kompyuta, ambalo daktari anaandika namba ya kadi na habari zote za mtu zinatokea. Sina ugomvi na ghala. Hata mimi nilichoka kupanda ngazi.

Nilikaa naye ubavuni nione atakavyoyahamisha majina yangu. Kwanza alilihifadhi jedwali kama faili ya maandishi matupu, kila safu ikitenganishwa na ya pili kwa alama ya mkato. Kisha akaiambia hifadhidata ilete faili ile ndani, nayo ikaanza kumuuliza maswali: Nini kinatenganisha safu? Mstari wa kwanza ni vichwa vya safu au ni mtu? Safu hii ni hesabu au ni maandishi? Yeye alibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemjibu mke huku anasoma gazeti.

Mara ya kwanza namba za kadi ziliharibika. Kadi 00417 ikawa 417, kwa sababu mashine ilidhani ni hesabu na kwa hesabu sufuri ya mbele haina kazi. "Kwetu ina kazi," nilimwambia. "Sufuri mbili ni kitabu cha kwanza na cha pili." Akairekebisha, safu ikawa maandishi. Mara ya pili nikaona mzee mmoja wa Tala mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa "sokoni". Nilikuwa nimeandika kijiji chake "Tala, sokoni", na mashine ilipokuta mkato ikakata, kila kitu kikasogea mlango mmoja. Kelvin alicheka, akasema, "Madam, uko na macho!" Akaweka alama za kufungia maneno, akarudia. Mara ya tatu mistari iliyotoka na mistari iliyoingia ikawa sawasawa, hakuna hata mmoja uliobaki nje.

"Data iko safi, Madam," akasema.

Nikaangalia kioo. Majina yote yalikuwa meusi.

"Na rangi zangu zimeenda wapi?"

"Rangi hazibebwi na faili ya maandishi," akasema bila kugeuka. "Rangi ni urembo tu, Madam. Mfumo hauhitaji urembo."

Bwana Makau alikuwa amesimama nyuma yetu, akacheka. "Akina mama na rangi!"

Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza! Hapa ndipo ninapotaka kujizaba kofi hadi leo. Mimi niliyepiga kelele kwa ajili ya sufuri mbili, niliyepiga kelele kwa ajili ya mkato mmoja, niliona haya kuitwa mama kizee anayependa mapambo. Nilidhani pia kwamba kila mtu anajua maana ya ule wekundu, na kwamba wataulizana wenyewe huko mbele. Wataulizana na nani? Daktari aliyekuwepo alikuwa na miezi mitano kwetu, na hakuwahi kuona kikaratasi chekundu zaidi ya viwili vitatu. Mpika chai wa zamani alikuwa ameshakufa.

Wiki hiyo hiyo Kelvin alifuta jedwali langu la zamani ili watu wasichanganye mambo mawili, na ile flashi niliyokuwa nimeweka nakala akaisafisha apate mahali pa kubebea vitu vyake. Bwana Makau naye akasema vitabu vinavutia panya, vitoke. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwa na barua ya msimamizi yenye muhuri. Nilibeba vitabu mwenyewe hadi stoo ya kufulia, kimoja kimoja kwenye kiondo. Nilipomaliza vilikuwa saba. Kitabu cha nne kilikuwa kimeshapelekwa jikoni pamoja na magazeti. Nilipofika huko sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, ilikuwa inachemka vizuri, na mpishi aliniambia karatasi zile zinashika moto haraka. Sikumlaumu yeye. Aliambiwa ni takataka na mtu mwenye tai.

Mumbua alikuja siku kumi baadaye. Sasa ni mwanamke mzima, mwalimu wa chekechea, ana watoto wawili. Alinisalimia dirishani akiwa ameshika shavu: jino lilikuwa limeoza na usaha umepanda hadi taya. Nikampa namba ya foleni, maana siku hizi hatuandiki vikaratasi, namba inatoka kwenye mashine. Nilimwona akiingia kwa daktari, nikageukia mtu mwingine. Haikunijia. Naapa kwa Mungu wangu, nilikuwa nazungumza na mtu kuhusu kadi iliyopotea, na haikunijia.

Niliposikia muuguzi akipiga kelele nilijua kabla sijafika. Ule mluzi wa pumzi ukiusikia mara moja huusahau. Alikuwa amelala sakafuni, uso umeumuka vilevile kama wa mtoto wa miaka sita, na muuguzi yuko juu yake na sindano ya adrenalini, ile ya kufungua koo. Daktari, maskini, alinionyesha kioo. Hifadhidata ilikuwa na kisanduku kipya kilichoandikwa MZIO, na ndani yake mbele ya jina la Mumbua kulikuwa na neno moja: HAKUNA.

Alipona. Alilala kwetu siku tatu. Siku ya pili nilikwenda kumwona na chungwa mkononi, sijui kwa nini chungwa. Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza.

"Mbona hukumwambia daktari?" nilimuuliza. Swali la kijinga, na nilijua ni la kijinga likitoka.

"Nimwambie nini? Si nyinyi mnajua?" Akaniangalia. "Mama aliniambia tangu nikiwa mdogo, pale umeandikwa, usiwe na wasiwasi. Aliniambia ni wewe uliniandika."

Nilimenya lile chungwa lote, nikaliweka kwenye sahani, nikaondoka.

Mkutano ulifanyika Jumatatu. Bwana Makau alikaa mbele, na Kelvin alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Kila mtu alikuwa msafi isipokuwa mimi.

"Mama, kwa nini hukuandika kwa maneno?" Bwana Makau aliniuliza. "Mashine haiwezi kusoma rangi."

"Mfumo ulifanya kazi na vile ulipewa," simu ikasema.

"Ngoja," nikasema. "Hilo la maneno ni kosa langu, nalikubali, nililala. Lakini mimi sikuandika HAKUNA. Hakuna kitabu hata kimoja kilichoandikwa HAKUNA. Hilo neno limetoka wapi?"

Simu ikajibu, "Ni difolti tu, Madam."

Kwa wale ambao hawajui, difolti ni neno ambalo mashine hujaza yenyewe pale ambapo mtu hakuandika kitu. Nilisimama. Sijawahi kupiga meza ya ofisi maishani mwangu, lakini siku hiyo niliipiga, chai ya Bwana Makau ikamwagika.

"Hakuna ni jibu la mtu aliyeuliza!" nikasema. "Wewe ulimuuliza nani? Ulimuuliza Mumbua? Ulimuuliza hata mmoja? Kisanduku kikiwa wazi daktari angeuliza. Nyinyi mmemfunga mdomo daktari na mmemfunga mdomo mgonjwa, halafu mnaniuliza mimi habari za rangi!"

Bwana Makau alikuwa anapangusa meza kwa leso. Niliwaambia kwamba Mumbua alikuwa mmoja tu, kwamba wekundu wako kwenye vitabu vyote vinane, na kila mmoja wao ameandikiwa HAKUNA na anaweza kuingia mlangoni saa yoyote. Kisha nikaenda stoo ya kufulia.

Nilivipitia vitabu saba kuanzia ukurasa wa kwanza, mimi na Mutheu, wakati huo msaidizi wangu, yeye akisoma na mimi nikiandika. Ilituchukua wiki tatu. Wino mwekundu wa zamani unageuka kuwa kahawia, na mahali pengine ilibidi tutoe kitabu nje kwenye jua ndipo tuone. Safari hii sikutumia rangi. Niliandika safu mbili tu, namba ya kadi na neno PENISILINI, nikahifadhi kama maandishi matupu yenye mkato.

Kelvin nilimpigia simu nikamwambia aje anifundishe kuingiza mwenyewe. Alikuja, hilo nitampa. Alikuja Jumamosi, hana haraka, na nilimfungulia kitabu cha pili pale kwenye mstari unaotetemeka. Akauwekea kidole.

"Hii si urembo," akasema.

"Ahaa," nikamwambia. "Karibu kazini."

Basi nikajibu maswali ya mashine mimi mwenyewe, polepole, na kila swali nililisoma mara mbili. Safu ya kwanza ni maandishi, si hesabu, sufuri zangu zibaki. Kinachotenganisha ni mkato. Mstari wa kwanza ni vichwa, si mtu. Ilipomaliza sikuangalia hesabu ya mistari peke yake. Nilimfungua mtu mmoja mmoja, nikamtazama kwenye kioo, nikamtia alama kwenye kitabu. Nyinyi mnaosoma, kama mtachukua kitu kimoja tu kwangu, chukueni hicho. Mistari kuwa sawasawa si ushahidi kwamba watu wako salama.

Kikabaki kitabu cha nne. Majina yake tulikuwa nayo, lakini yote meusi, na wekundu wao waliishia chini ya sufuria ya muthokoi. Nilijaribu kukumbuka. Nikawakumbuka tisa. Kitabu kile kilikuwa cha miaka sita, lazima walikuwa zaidi ya tisa. Nikaenda kanisani kwetu, nikaomba nafasi wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya watu nikaeleza. Nikaenda makanisa mengine, nikaenda msikitini mjini Machakos nikazungumza na akina mama. Walijitokeza wanne. Wengine wamehama, wengine walikuwa watoto wachanga na waliokuwa wakijua wameshazikwa. Nafahamu kwamba kuna mtu leo anauza maembe sokoni au anachunga ng'ombe mahali, ni mwekundu, na hajui. Sisi ndio tulikuwa tunamjulia.

Kwa hiyo kila aliyetoka kitabu cha nne nilimwondolea HAKUNA, nikamwekea maneno haya: HATUJUI. MUULIZE KABLA YA SINDANO. Bwana Makau alipoyaona alikuja mbio.

"Mama, hii itaonekana vibaya. Ni kama hospitali haijui kazi yake."

"Haijui!" nikamwambia. "Ilijua, mkapikia."

Mwezi uliopita walinifanyia sherehe. Kulikuwa na keki, blanketi zito, na Bwana Makau akasema mimi ni nguzo. Nilipopewa nafasi nilisema "ni muvea", asanteni, nikamwita Mutheu mbele nikampa ile kalamu nyekundu ya Mzee Nthenge, ambayo imekauka zamani. Watu walipiga makofi, wakadhani ni kumbukumbu nzuri. Nilimnong'oneza Mutheu asithubutu kuyaondoa yale maneno, hata aambiwe na nani, hata aletwe mtaalamu kutoka mbinguni.

Jana alinipigia simu. Alikuja mzee kutoka Kithyoko, ana kidonda cha jembe mguuni. Namba yake ni ya kitabu cha nne. Daktari alisoma kioo, akaweka sindano chini, akamuuliza kama kuna dawa inayomkataa. Mzee akawaka: Mnaniuliza mimi? Si mliniandika hapa nikiwa kijana? Nimetoka mbali hivi kuja kuambiwa hamjui? Akagonga fimbo sakafuni, akataka kuitiwa mkubwa.

"Nilijaribu kumtuliza, Mwaitu, akakataa," Mutheu aliniambia. "Alitugombeza mbele ya foleni yote. Alisema sindano hiyo nusura imuue, na kila mtu hapa anajua."

"Alisema ni sindano gani?"

"Alisema. Nimemwandika."

"Kwa neno?"

"Kwa neno. Lakini ameenda akiwa na hasira sana."

"Sawa," nikamwambia. "Ameenda kwa miguu yake."